Sema Ulichosikia: Metallica, Albamu Yao ya Misimu 72, na Sisi Wasikilizaji

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi jioni kwenye mkusanyiko wetu wa wapenzi wa roki pale Ilala. Wengi wenu mvua iliwazuia, na barabara zetu zikijaa maji mnazijua. Nimeyaandika yote kama nilivyoyatamka. Vilivyokosekana ni vipande vya muziki nilivyopiga katikati.

Mwenyekiti wetu, wazee wangu mliokaa mbele, kaka na dada zangu, na nyie vijana mliosimama mlangoni kwa sababu viti vimekwisha: asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Habari za jioni.

Mimi ni fundi mitambo. Kwa miaka 28 kazi yangu imekuwa kukaa nyuma ya mikseri, gizani, nikihakikisha wengine wanasikia. Sijazoea kusimama upande huu wa spika. Lakini nimeomba nafasi hii mwenyewe, na nitawaambia kwa nini.

Mwezi uliopita tulikaa humu humu tukaizungumzia 72 Seasons, albamu ya mwaka 2023 ya Metallica, bendi ya roki ya Marekani. Mliokuwepo mnakumbuka. Ndugu yetu mmoja alisimama akasema, "Albamu mbovu, wazee wamechoka, wapumzike." Akakaa. Mwingine akasimama, "Albamu kali, wewe hujui muziki." Akakaa. Tukaenda hivyo saa nzima. Mbovu. Kali. Mbovu. Kali. Nikarudi nyumbani Tabata usiku ule moyo unaniuma, na mke wangu akaniuliza nimegombana na nani.

Sikugombana na mtu. Wala sikuumia kwa sababu kuna aliyesema ni mbovu. Kila mtu ana masikio yake na Mungu hakuyagawa sawa. Niliumia kwa sababu katika saa nzima, katika ukumbi wa watu zaidi ya 40, hakuna hata mmoja wetu aliyesema amesikia nini.

Ndugu zangu, ulisikia nini? Sikuulizi ulionaje. Sikuulizi wenzako wa mtandaoni walisemaje. Wewe, kwa masikio yako mawili, ulisikia nini?

Hilo ndilo swali langu la leo, na sina lingine.

Wazee wangu hapa mbele mtaniunga mkono. Hapa Dar es Salaam msikilizaji alikuwa mtu mzito. Bendi ile iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Sikinde ikaja mwaka 1978. Mji ukagawanyika: huyu wa Msondo, yule wa Sikinde, na nyumba nyingine mume na mke walikuwa kambi mbili. Mimi nilikuwa mtoto, nachungulia kwenye uwazi wa ukuta. Nakumbuka wakati wa mapumziko wanamuziki wakishuka jukwaani kunywa maji, mzee mmoja, seremala, alimfuata mpiga solo akamwambia, "Mwanangu, leo gitaa lako linaifuata sauti ya mwimbaji. Jana lilikuwa linamjibu." Basi. Hakusema mbovu, hakusema kali. Alisema alichosikia. Yule mpiga solo akainamisha kichwa, akafikiri. Kipindi cha pili gitaa likaanza kujibu.

Mimi nimekulia kwenye ushabiki wa namna hiyo. Ndiyo maana siwezi kukaa kimya tunapoupoteza, tena sisi wa roki, ambao katika mji huu tunahesabika, na majirani wanauita muziki wetu makelele ya mashetani.

Sasa niwape kisa changu cha kwanza.

Nilikuwa na miaka 16. Mjomba wangu alikuwa baharia, na kila akirudi alituletea kitu: sabuni, kandambili, mara moja saa ya ukutani. Safari ile alileta kaseti. Mwenzake melini alikuwa amempa, yeye hakuipenda, akanitupia mimi. Ilikuwa ...And Justice for All ya Metallica, iliyotoka mwaka 1988. Kumbukeni wakati huo Tanzania Bara hatukuwa na televisheni. Sikuwahi kuwaona watu hawa. Sikujua wana nywele ndefu, sikujua wamevaa nini. Nilipokea sauti tupu, na nashukuru mpaka leo kwamba ilinijia hivyo.

Nikaiweka kwenye redio kaseti ya nyumbani. Magitaa yakatoka kama mawe yanayosagwa. Ngoma zikapiga kavu, karibu, kama mtu anagonga mlango wako kwa hasira. Nikasimama wima. Lakini kulikuwa na kitu kinakosekana, na mimi mtoto wa mji wa dansi nilikijua mara moja. Besi. Besi iko wapi?

Ndugu zangu, mnajua sisi tulivyo na besi. Kwenye dansi besi ndiyo inayokushika kiuno. Ukiitoa besi kwenye wimbo wa Msondo, watu watabaki wamekaa. Na hapa kulikuwa na bendi ya watu wanne, mmoja ameandikwa kwenye karatasi ya kaseti kuwa anapiga besi, jina lake Jason Newsted, na simsikii! Nikasogeza sikio kwenye spika. Nikazungusha kitufe cha besi mpaka mwisho. Hakuna.

Nikaamua redio ni mbovu. Nikakusanya pesa wiki tatu, nikaipeleka kwa fundi mtaa wa Gerezani. Akaifungua, akasafisha kichwa cha kusomea kaseti, akabadilisha spika moja, akajaribu kwa kaseti ya dansi. Besi tele! Nikarudi nyumbani nimeikumbatia kama mtoto, nikaweka Metallica. Besi hakuna. Nikarudi kwa fundi. Akaisikiliza kaseti yangu kwa utulivu mpaka wimbo ukaisha, akaizima, akaniambia, "Dogo, hii redio nzima. Hawa watu ndio wameinyima besi."

Sikumwamini. Kijana wa miaka 16 wa Temeke anaijua kasoro ambayo bendi kubwa ya Marekani haikuiona? Miaka zaidi ya 10 nilibeba jambo lile kama kosa la masikio yangu. Mpaka intaneti ilipofika mjini, nikalipia saa moja kwenye duka moja la kompyuta pale Posta, nikaandika jina la albamu. Ndugu zangu, dunia nzima ilikuwa inalalamika besi. Wabrazili, Wajapani, Wamarekani wenyewe. Watu ambao hawajawahi kuonana walikuwa wamesikia kile nilichosikia mimi kwenye kibaraza Temeke.

Baadaye mmoja wa waliochanganya sauti ya albamu ile, Steve Thompson, akaeleza hadharani kwamba agizo la kushusha besi lilitoka kwa mpiga dramu, Lars Ulrich. Na ukiijua historia unaumia zaidi. Mpiga besi wao wa kwanza kurekodi naye albamu, Cliff Burton, alifariki Septemba 27, 1986, basi la bendi lilipopinduka Sweden. Alikuwa na miaka 24. Newsted aliletwa kukalia kiti cha marehemu, na albamu yake kamili ya kwanza na bendi ikatoka yeye hasikiki. Walipoitoa upya mwaka 2018, sauti ikiwa imesafishwa, wengi tulitumaini besi itapandishwa. Hawakuipandisha. Walisema albamu ni kumbukumbu ya wakati wake, ibaki ilivyo.

Naheshimu uamuzi wao. Ni kazi yao. Lakini nitasema na kurudia: besi haisikiki. Siwezi kusema albamu ni mbovu, maana naipenda kuliko nyingi, na ule wimbo wao "One", wa askari aliyepoteza mikono, miguu, macho na masikio vitani, ulinifundisha kwamba muziki huu una huruma ndani yake. Naipenda, na besi haisikiki. Yote mawili ni kweli, na yote mawili nimeyasikia mwenyewe.

St. Anger ya mwaka 2003 nitaipita haraka, kwa sababu hapo ubishi wetu hauhitaji fundi. Ile ngoma ndogo, snea, Lars aliipiga bila kuzikaza nyaya zake za chini, ikawa inalia kama debe tupu. Solo za gitaa hakuna hata moja, dakika 75 nzima. Wasikilizaji walisema "debe", na neno moja hilo lilitosha, kwa sababu lilikuwa neno la sikio. Kuna mashabiki waliofika mbali zaidi: wakaipiga upya albamu yote na snea iliyokazwa, wakaonyesha kwamba nyimbo zenyewe zina afya. Huyo ndiye msikilizaji. Hakulaani akaondoka. Alisema tatizo liko hapa, akaweka kidole.

Sasa tuje kwenye Death Magnetic, albamu yao ya mwaka 2008. Naomba mnivumilie, hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo wasikilizaji waliposimama kidete kuliko mahali pengine popote ninapopajua katika muziki huu.

Lakini kwanza niwapeleke harusini.

Mwaka huo huo wa 2008 nilikuwa na kazi ya harusi, ukumbi mmoja upande wa Sinza. Mwenye shughuli alikuwa amelipa vizuri na alitaka kuona pesa yake ikisikika. Kila wimbo ukiisha anakuja: "Fundi, ongeza!" Naongeza. "Ongeza!" Naongeza. Taa nyekundu za mikseri zikawaka zikagoma kuzima. Watu wakaanza kuongea kwa kupiga kelele sikioni. Mabibi waliokaa meza ya mbele, wenye kanga zao za sare, wakainuka mmoja mmoja wakatoka nje. Na mimi nikagundua kitu kilichonitisha. Bibi harusi ameingia, kina mama wamefungua midomo, na vigelegele havisikiki.

Harusi gani haina vigelegele?

Sikumwuliza mtu. Nikashusha polepole, kidogo kidogo, dakika nzima, desibeli 6. Mwenye shughuli hakugundua. Na vigelegele vikatokea, kama watu waliokuwa wamefungiwa chumbani wakafunguliwa mlango. Mabibi wakarudi.

Nini kilikuwa kimetokea? Sauti ina dari. Kwenye mitambo ya dijitali dari hiyo ni desibeli sifuri, juu yake hakuna kitu. Ukishafika darini huwezi kupanda tena. Unachoweza kufanya ni kuinua sakafu. Unachukua sauti ndogo, mnong'ono, mwangwi, kidole kinachoteleza kwenye waya wa gitaa, unaviinua vyote vilingane na kubwa. Unaponda. Ukizidi kuponda, vilele vya sauti vinakatwa, na pale vilipokatwa panakwaruza. Mwisho chumba kinabaki na urefu wa kutambaa. Hakuna kikubwa, kwa sababu hakuna kidogo. Radi inataka kimya kabla yake ndipo iwe radi.

Hivyo ndivyo ilivyotokea Septemba 12, 2008, Death Magnetic ilipotoka. Baada ya debe la mwaka 2003, solo zimerudi, kasi imerudi, mtayarishaji ni Rick Rubin, na watu wamesubiri miaka mitano. Iliingia namba moja Marekani. Na wasikilizaji wakaanza kusema: inakwaruza. Masikio yanachoka kabla ya wimbo wa tatu. Wengine wakawajibu, kama tunavyojibizana humu: nyie mnazeeka, huu ni muziki wa kelele, mlitaka nini?

Kumbe ushahidi ulikuwa sebuleni kwa watoto. Siku albamu ilipotoka, nyimbo zake zilitoka pia kwenye gemu la Guitar Hero. Ili gemu lifanye kazi, watengenezaji lazima wapewe kila chombo peke yake: ngoma pembeni, gitaa pembeni, sauti pembeni. Kwa hiyo walipewa vyombo kabla ya kupondwa kule kwa mwisho. Mtoto anayecheza gemu akawa anasikia ngoma inapiga na kupumua. Baba yake aliyenunua CD akawa anasikia ukuta.

Wasikilizaji, watu wa kawaida, wakachukua zote mbili, wakaziweka kwenye kompyuta, wakazitazama michoro yake ya sauti. Ya gemu ina vilima na mabonde. Ya CD ni tofali. Wakaandika ombi kwa bendi, ichanganywe upya, na zaidi ya watu elfu kumi wakatia majina yao. Hata Ted Jensen, mtu aliyefanya kazi ya mwisho ya kuimasta, yalitoka maneno yake kwamba mchanganyo ulimfikia ukiwa umeshapondwa. Lars yeye aliitetea, akasema anaipenda inavyosikika.

Nasimama hapa kama fundi nawaambia: wale wasikilizaji walikuwa sahihi. Bendi yenye mamilioni, studio yenye kila kifaa, na kosa likaonekana na mtu aliyekaa kwake na hedifoni. Hakulijua kwa sababu ana cheti. Alilijua kwa sababu alisema alichosikia: inakwaruza hapa, ngoma haipumui hapa. Na tangu hapo habari ya vita vya kuongeza sauti kwenye albamu haikubaki siri ya mafundi. Watu wa kawaida wanaijadili, na mfano wanaoutoa kwanza ni Death Magnetic.

Angekuwa amesema "mbovu" akakaa, nani angemsikiliza?

(Hapa niliwapigia sekunde 30 za wimbo mmoja, kwanza wa CD kisha wa gemu, sauti ikiwa imelinganishwa. Mama mmoja wa nyuma, ambaye nadhani hakuwahi kusikia Metallica maishani, akasema kwa nguvu, "Huu wa pili una nafasi." Nilitamani kumkumbatia.)

Haya, tufike kwenye albamu yetu.

72 Seasons ilitoka Ijumaa, Aprili 14, 2023. Mnakumbuka tarehe ile ilikuwa nini hapa kwetu? Ilikuwa kumi la mwisho la Ramadhani. Mimi mwezi ule siwashi muziki. Kwa hiyo nikaiacha, nikasubiri. Idi ikaja, siku nane baadaye. Baada ya pilau, baada ya wageni, nikakaa nikafungua simu nione wenzangu wanasemaje. Ndugu zangu, ilishazikwa! Kwa siku nane dunia ilishamaliza. Ndefu mno, wamejirudia, mpiga gitaa wao Kirk Hammett solo zake zote ni pedali ya wawa, ile ya mguu inayolifanya gitaa lilie "wa-wa", tuendelee na mengine. Watu walikuwa wanaandika hukumu asubuhi ya kwanza, albamu ina dakika 77, na wengine hukumu yao imetoka kabla hata dakika 77 hazijapita tangu itoke!

Je, huyo alisikia nini?

Mzee anapokuja kukusimulia maisha yake, unamkatiza dakika ya tano ukamwambia "mzee, umejirudia"?

Maana hiyo ndiyo albamu yenyewe. James Hetfield, mwimbaji wao, alieleza jina lake: misimu 72 ni miaka 18 ya kwanza ya mtu. Misimu minne mara kumi na nane. Wazungu wana misimu yao ya theluji, lakini na sisi tunayo minne, lugha yetu imeihesabu tangu zamani: kiangazi, masika, kipupwe, vuli. Zidisha kwa 18. Anasema kwamba yaliyokupata katika misimu ile ndiyo unayoyabeba utu uzima wote, ama unayarudia, ama unajifungua nayo. Na yeye anajua anachosema. Wazazi wake walikuwa wa dhehebu lisilotumia dawa za hospitali, na mama yake alifariki kwa saratani James akiwa na miaka 16. Mwaka 2019, mtu mzima wa miaka 56, ilimbidi kurudi tena kwenye matibabu ya ulevi, ziara ya Australia na New Zealand ikaahirishwa. Ganda la albamu ni manjano tupu, katikati kitanda cha mtoto mchanga, kimeungua.

Binti yangu alitimiza miaka 18 mwaka ule ule. Nilimwambia maana ya jina, akanyamaza, kisha akasema, "Baba, kwa hiyo mimi misimu yangu imekwisha." Tukakaa barazani tukaisikiliza yote, masika inanyesha, bati linapiga ngoma zake juu ya ngoma za Lars. Sikumwambia hii ni nzuri wala hii ni mbaya. Nilimpa karatasi na kalamu. Nikamwambia aandike anachosikia.

Aliandika nini? Aliandika kwamba sauti ya mzee haijachoka. Kweli. Kwamba "Lux Æterna" ni fupi na ni furaha tupu, kama bendi imerudi mwaka wao wa kwanza. Kweli. Aliandika kwamba nyimbo tatu za katikati zilimchanganya, hakujua imeisha ipi imeanza ipi. Nikamwonyesha kwa nini: mwendo wake unakaribiana mno, mpigo wa gitaa unarudi mara nne pale ambapo mara mbili ingetosha. Aliandika kwamba solo za gitaa ni kama mtu anaongea bila kufikiri. Hilo tukabishana. Kirk mwenyewe amesema alizipiga makusudi bila kuzitunga, za papo hapo. Mimi sehemu nyingine nampenda hivyo, sehemu nyingine namkosa yule wa 1986 aliyekuwa anajenga solo kama fundi mwashi. Lakini binti alisikia sawasawa. Alisikia kwamba hazikutungwa kabla ya kujua kwamba hazikutungwa.

Sasa huu urefu. Wote mnalalamika urefu, na mimi pia nasema: kama ningekuwa nyuma ya mikseri siku ile ningewasihi wapunguze dakika 15. Sahani ya santuri ilikuwa inawabana, dakika ishirini na kitu kila upande, kwa hiyo albamu yao ya mwaka 1986, Master of Puppets, ina nyimbo 8 na haifiki dakika 56. CD ikawafungulia geti, na tangu mwaka 2003 hawajatoa albamu yao wenyewe chini ya dakika 74.

Lakini urefu peke yake siyo kosa, wazee wangu, semeni ukweli! Wimbo wa Sikinde dakika nane ulimchosha nani? Mnaanza taratibu, mwimbaji anasimulia, mnasikiliza maneno, kisha linakuja chemko. Gitaa linabadilika, watu wote wanainuka. Unasubiri kwa sababu unajua litachemka. Kwa hiyo mtu akiniambia 72 Seasons ni ndefu, namwuliza: wimbo gani haukuchemka? Huo nitajie. Nitakuunga mkono kwa miwili mitatu. Lakini usiniambie ndefu tu, kwa sababu wimbo wa mwisho ndio mrefu kuliko wote waliowahi kuandika peke yao tangu bendi ianzishwe mwaka 1981, dakika 11 na sekunde 10, "Inamorata", na huo unachemka kinyume. Unapoa. Katikati magitaa yanaondoka, na inabaki besi, karibu peke yake, inatembea polepole kama mtu anayerudi nyumbani usiku.

Besi, ndugu zangu.

Mimi ni yule kijana wa Temeke aliyebeba redio kwenda Gerezani. Nilisubiri zaidi ya miaka 30 bendi hii inyamaze na kumwachia mpiga besi aongee. Robert Trujillo, aliyeingia mwaka 2003, sasa amekaa kwenye kiti kile muda mrefu kuliko Cliff na Jason wakijumlishwa. Na wimbo wenyewe ni wa mtu anayekiri kwamba huzuni imekuwa mpenzi wake na anatafuta namna ya kuachana nayo. Pale barazani ilipofika besi ile, mvua ilikuwa imekatika. Binti yangu aliacha kuandika. Sikumwangalia, na yeye hakuniangalia.

Wangapi kati ya waliosema "mbovu" walifika hapo? Naomba mikono. Mwezi uliopita, wangapi mlifika wimbo wa 12?

Sawa. Nimeona. Ahsanteni kwa kusema kweli.

Basi naomba ndugu hapo ukutani azime feni. Kijana wangu mlangoni, vuta mlango, ufunge taratibu. Simu mziweke mfukoni. Karatasi na kalamu zinapita, kila mtu achukue moja. Sitaongeza sauti, nitaiacha hapa ilipo ili bati likianza kunyeshewa mlisikie pia.

Ndugu yangu uliyesimama mwezi uliopita, nakuona umekaa kule nyuma. Njoo hapa mbele. Kiti changu hiki kiko sawasawa katikati ya spika mbili, ndicho bora kuliko vyote humu ndani. Kaa wewe. Mimi nitasimama.